Nani Kasema Mvita Haina Siasa?

Kuna neno limezoeleka hata humu Mombasa: Mpwani ni mtu mpole, siasa si yake; yake ni baraza, kahawa tungu na mashairi. Msemaji hudhani ametusifu. Ubaya ni kwamba nasi tumelikubali, tukalifanya udhuru wa kunyamaza huku wengine wakitupangia mambo.

Haya, tuanze na hayo mashairi. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, hakuwa mtunzi wa mapenzi tu. Wamazrui waliotawala Mombasa walipokataa kumtii Seyyid Said wa Oman, Muyaka aliingia vitani kwa ulimi. Aliwatia watu wa mji wake ghadhabu, akawakejeli wa Lamu, akajibizana na washairi wa upande wa pili. Shairi ndilo lililokuwa gazeti, na baraza ndilo lililokuwa jukwaa. Wala si kwamba alikuwa walii: alikuwa na upande wake, na upande huo ulipigwa katika vita vya Shela, Lamu, kisha ukaanguka kabisa mwaka 1837, baada ya Wamazrui kugombania uliwali wao kwa wao. Anayetafuta somo la jinsi ugomvi wa ndani unavyomfungulia adui lango, asiende mbali. Ngome ya Yesu hiyo hapo.

Karne iliyofuata, mwaka 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la *Sahifa*, na baadaye *Al-Islah*, akiwahimiza watu wake wasome na wasiige kila cha Mzungu. Hiyo kama si siasa ni nini?

Kisha yuko Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliandika kijikaratasi *Kenya: Twendapi?* na kuihoji serikali ya chama cha KANU. Akafungwa miaka mitatu. Gerezani alitunga kwa siri mashairi ya *Sauti ya Dhiki*, kitabu kilichotoka 1973, na mwaka uliofuata kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Naam, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimtia ndani! Kejeli kama hiyo Muyaka mwenyewe angeionea wivu.

Sasa tazama tunavyowafundisha washairi hawa darasani. Mwanafunzi huhesabu mizani, hutaja vina vya kati na vya mwisho, huandika "mshairi anatoa nasaha", akapata alama zake. Hasira imeondolewa, aliyelengwa kafutwa. Tukiisha kuyahasi mashairi namna hiyo, tunashangaa kwamba vijana wa mitaa yetu ya Kibokoni na Kuze wanaamini ujasiri wa kumhoji mtawala ni mambo ya bara.

Walimu wa Kiswahili, arudhi ifundisheni, ina haki yake. Lakini swali la kwanza liwe: shairi hili lilimchoma nani, na kwa kosa gani?