Kubadili Anwani Hakupandishi Tovuti

Mwandishi anayewahimiza wenye tovuti wabadili anwani za kurasa zao zote na kuzijaza maneno yanayotafutwa amewapa ushauri wa hasara. Mwongozo wa Google unasema maneno hayo ndani ya anwani karibu hayana athari kwa nafasi ya ukurasa. Kinachoumiza ni kuhamahama: bila kuielekeza anwani ya zamani kwenye mpya, kwa mfano kwa msimbo 301, viungo vya zamani hufa, na ukurasa hupoteza sifa uliyojijengea. Google hushauri uelekezaji huo udumu angalau mwaka mzima.

Kweli, anwani fupi inayotenganisha maneno kwa vistari humwonyesha msomaji aendako. Itumieni kwa kurasa mpya. Za zamani ziacheni, na muda ambao mngezibadili mwandike kitu cha kusomwa. Chema chajiuza.