Hesabu si kura ya bahati

Vijana wapenzi wa parokia zetu,

Kila mwezi wa sita unapokaribia, wengi kati yenu hurudia neno ambalo siwezi tena kulinyamazia: "Mimi si mtu wa hesabu." Mnalisema mkicheka, kana kwamba ni kimo mlichozaliwa nacho. Kabla ya kuwa katekista nilisomea ualimu, nikashika chaki katika mwaka wa saba na wa nane. Nasema wazi: neno hilo si kweli. Hamkuzaliwa hivyo, mmefanywa hivyo, na sisi walimu tumo katika kosa hilo.

Mwandikieni mtoto wa mwaka wa saba hesabu hii: -3 - 5. Wengi watajibu +8. Waulizeni sababu, nao watasema kwa sauti moja: "Minus na minus ni plus." Hao si wavivu. Wameshika kwa uaminifu maneno waliyoimbishwa. Kanuni hiyo ni ya kuzidisha: -3 mara -5 ni 15. Lakini mwenye deni la franka 3,000 akikopa tena 5,000, anadaiwa 8,000. Hakuna mama sokoni atakayempongeza kwa kupata akiba. Mtoto analijua jambo hilo dukani. Ubaoni tumemfundisha kulisahau.

Tazameni na hili: 1/2 + 1/3. Mtoto anajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, anaandika 2/5. Sasa chukueni nusu lita ya mafuta, ongezeni theluthi ya lita. Je, mtabaki na mafuta yasiyofika nusu lita? Maana 2/5 ni pungufu ya nusu. Jibu ni 5/6. Mtoto angeliona kosa lake mwenyewe kama angezoezwa kuuliza, "Je, jibu langu linawezekana?" Lakini swali hilo halina pointi, kwa hiyo halifundishwi.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Mtihani wa Serikali, mwishoni mwa sekondari, humpa mwanafunzi maswali ya kuchagua jibu, na kivuli chake kimeshuka hadi madarasa ya chini. Swali likiwa na majibu matano, asiyejua lolote ana bahati moja kati ya tano. Aliyebahatisha na aliyefikiri wanapewa pointi sawa. Aliyefikiri vizuri akateleza katika mstari wa mwisho hapewi kitu. Kisha bulletini inajumlisha masomo yote, na pointi 3 juu ya 10 za hesabu zinafunikwa na pointi za masomo mengine. Mtoto anapanda darasa bila kujua sehemu. Siku atakapokuta x/2 + x/3 = 10, ataambiwa kwamba aljebra imemshinda. Kilichomshinda ni ile nusu na theluthi ambazo hakuna aliyerudi kumweleza.

Nami ninaungama. Mwaka mmoja nilikuwa na madaftari sabini mezani, nikasahihisha majibu ya mwisho tu. Msichana mmoja aliniletea lake. Mistari minne ilikuwa sahihi. Katika wa tano alinakili 6 badala ya 9. Nilikuwa nimempa sifuri. Akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Sikuweza kumjibu, kwa kuwa sikuwa nimesoma kazi yake. Nikamwambia akakae. Hakuuliza tena mwaka ule wote.

Wenzangu watasema: madarasa yamejaa, mishahara ni midogo. Ni kweli. Kifungu cha 43 cha Katiba kinataka shule ya msingi ya serikali iwe bure, na tangu 2019, jambo hilo lilipoanza kutekelezwa, watoto wengi wameingia. Hilo ni jema, nasi hatuna haki ya kulalamika kwamba wamekuja. Asiyeweza kusoma madaftari sabini kwa juma asome kumi, swali moja tu, mstari kwa mstari. Baada ya majuma saba amewafikia wote.

Wengine watasema programu imekwisha kubadilishwa. Naam, ile ya hesabu na sayansi ya 2018 inataka somo lianzie katika hali halisi ya maisha. Ni vizuri. Lakini mtihani ukibaki ukitafuta jibu la mwisho tu, mwalimu atafundisha jibu la mwisho tu. Na pale pointi zinapouzwa, hata programu ya malaika haitafaa kitu.

Tusinyoshee Kinshasa kidole peke yake. Tangu Mkataba wa Februari 26, 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za umma ziko mikononi mwetu. Mwalimu anayemzima mtoto huenda Jumapili yuko benchi moja nasi. Pengine ni mimi.

Basi, ninyi wa Xaveri, wa Kizito-Anuarite, wa Skauti, nawaomba mambo mawili. Kwanza, msinunue pointi, wala msimchekee mwenzenu aliyezinunua: ameibiwa somo na amelipa kwa kuibiwa. Pili, kila Jumamosi baada ya mkutano, mkubwa mmoja aketi na mtoto mmoja wa mwaka wa saba kwa nusu saa. Usimpe jibu. Muulize, "Umefikaje hapo?" Kisha nyamaza, umsikilize hadi mwisho.

Swali hilo ndilo nililopaswa kumuuliza yule msichana.