Usimlazimishe asiyeona kutoa namba yake ya siri

Nimepotea kidogo, kazi zimenibana. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha mpya ya programu. Leo naungama.

Mwaka jana mimi na mwenzangu tulitengeneza tovuti ya sacco moja hapa Ruiru. Mwanachama anaingia, anaona akiba yake, anaomba mkopo, basi. Ilifunguka haraka hata kwenye simu ya bei rahisi, rangi zikapendeza, na sisi tukajiona mabingwa. Wiki chache baadaye ukaja ujumbe kutoka kwa mwanachama anayeishi Thika, mwalimu mstaafu asiyeona. Alisema tovuti yetu imemfungia mlango.

Jumamosi nikapanda matatu nikaenda kwake. Kusema kweli, njiani niliwaza kwamba mzee hajui kompyuta, nitamwelekeza mara moja yaishe. Lo! Mwalimu aliwasha kompyuta yake na programu ya NVDA ikaanza kusema. Kwa wasioijua, NVDA ni programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006. Inasoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, na mtumiaji anatembea kwenye ukurasa kwa kibodi tu, bila kipanya. Sauti ilikuwa na kasi ambayo sikuambulia hata neno. Akanipunguzia, kama mwalimu anavyomsubiri mwanafunzi mzito.

Kisha akafungua tovuti yetu. "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kitufe cha nini? Vilikuwa vipicha vyetu vizuri vya nyumba, pochi na bahasha, ambavyo hatukuvipa majina. Kwenye fomu ya mkopo ikasema "sehemu ya kuandika, tupu" mara sita mfululizo, bila kueleza wapi pa kuandika jina na wapi kiasi cha pesa. Kitufe cha kutuma ombi hakikufikika kabisa kwa kibodi, kwa sababu tulikuwa tumetumia div iliyopakwa rangi badala ya kitufe halisi cha HTML.

"Sasa Mwalimu, huwa unafanyaje?"

"Namwita kijana wa jirani, nampa namba yangu ya siri, ananifanyia," akasema. "Hajawahi kuniibia. Lakini anajua nina shilingi ngapi, na anajua nimekopa kwa nini. Mengine hata mke wangu hayajui."

Akacheka. Mimi sikuweza. Kwenye ukurasa ule ule, chini ya sehemu ya kuingilia, tulikuwa tumeandika kwa herufi nyekundu: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri.

Wasomaji, hapo ndipo nilipobadilisha mawazo. Nilikuwa nachukulia jambo hili kama huruma, kitu cha kuongeza baadaye pesa zikibaki. Kumbe ni suala la usalama na la heshima. Tovuti isiyosomeka inamnyima mtu huduma, na pia inamlazimisha kugawa siri zake ili aipate. Tungegundua kwamba programu yetu inavujisha namba za siri, tungekesha usiku kucha kuirekebisha. Hii nayo ilikuwa inavujisha, ila kupitia mdomo wa mwenye akaunti.

Na hii ni Thika, jamani! Shule ya vipofu ya hapo ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Shirika la inABLE, lililoanzishwa mwaka 2009, lilianza na maabara ya kompyuta katika shule hiyo. Watoto wanafundishwa kutumia programu za kusoma skrini, kisha wanamaliza shule na kukutana na "kitufe, kitufe, kitufe" tulizotengeneza sisi wenye digrii. Mimi nimesoma sayansi ya kompyuta miaka minne na sikumbuki nikipoteza alama hata moja kwa picha isiyo na maelezo.

Najua mtasema, "Sisi hatuna wateja wasioona." Mnajuaje? Aliyeshindwa kuingia dukani hahesabiwi kati ya wanunuzi. Wengine watasema ni gharama. Sisi ilituchukua jioni tatu. Tulivipa vipicha majina kwa alt, tukaunganisha kila sehemu ya fomu na lebo yake, tukarudisha vitufe halisi, na tukaongeza weusi wa maandishi ya kijivu. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa angalau 4.5 kwa 1. Yetu hayakufika hata 3. Sehemu hiyo ya mwisho walioifurahia zaidi ni wanachama wanaoona, wanaotumia simu juani.

Wala msitengeneze "tovuti ya walemavu" pembeni. Itasahaulika mwezi wa pili. Rekebisheni ile ile moja.

Sheria nayo ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari na vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vyake. Mwaka 2022 Kenya ikapata kiwango chake cha bidhaa na huduma za teknolojia zinazofikika, KS 2952. Lakini msisubiri askari. Hata sisi hakuna aliyetushtaki. Tulipigiwa kelele na mzee mmoja mwenye subira, na ni bahati yetu kwamba hakukata tamaa.

Basi kazi ya nyumbani. Leo jioni chomoa kipanya, fungua tovuti uliyotengeneza, jaribu kufika mwisho kwa kibodi tu. Ukiweza, weka NVDA, zima skrini, ujaribu tena. Ukikwama, ujue kuna mtu ameshakwama hapo kabla yako.

Tulipomaliza marekebisho nilimpigia Mwalimu simu ajaribu. Nilitarajia ataanza na fomu ya mkopo. Hapana. Kitu cha kwanza alichofanya, peke yake, ni kubadilisha namba yake ya siri.

Haya, tuonane wiki ijayo.