Nishani ya "Nandi" si ya Wanandi

Miongoni mwa wakusanyaji wa vitu vya kijeshi, kuna nishani moja ambayo ikiwekwa mezani Eldoret haikosi kuzua zogo: ya fedha, ina sura ya Mfalme Edward wa Saba, na juu yake kipande kilichoandikwa NANDI 1905–06. Muuzaji huapa kwamba ni ya babu yake, shujaa aliyewapinga Waingereza. Mnunuzi akishasoma neno hilo la "Nandi" haulizi tena. Bei hupanda papo hapo.

Hadithi hiyo ni ya uongo hata pale nishani yenyewe inapokuwa halali. Ni nishani ya utumishi wa Afrika iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1902, na kipande hicho walipewa waliokuja kuwapiga Wanandi: maofisa wa Kizungu, askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya, na waliowasaidia. Hao ndio waliochoma nyumba na kuswaga ng'ombe kwa maelfu. Waliokuwa upande wa Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, waling'oa nyaya za simu za reli wakajitengenezea mapambo. Hakuna mfalme aliyewatuza kwa hilo. Kama babu alikuwa upande wa serikali, mjukuu na aseme hivyo, nasi tutamheshimu kwa ukweli wake.

Ubishi wa uhalali una njia yake, nayo si ya kupimana ujuzi wa macho. Tazama kwanza sura. Nishani za namna hii ziliendelea kutolewa hadi zama za Mau Mau, zikiwa na kipande cha KENYA na sura ya Malkia Elizabeth. Ukikuta kipande cha NANDI kimebanwa juu ya kichwa cha Malkia, rudisha mzigo kwa mwenyewe. Kisha igeuze usome ukingoni, ambako huchapwa namba, cheo, jina na kikosi. Hapa wengi huteleza: jina likiandikwa ovyo, hupiga kelele kwamba ni feki. Hasha. Makarani wa Kizungu waliyaandika majina ya Kiafrika kama sikio lao lilivyoyasikia, na askari mmoja angeweza kuwa na majina matatu katika vitabu vitatu. Namba ndiyo ya kufuata. Ukingo uliosuguliwa hadi ukawa mwembamba upande mmoja, huo ndio wa kutiliwa shaka, kwa maana kuna jina lililofutwa. Utepe wa manjano, wenye pindo nyeusi na mistari ya kijani katikati, usikubabaishe. Utepe hubadilishwa kama kamba ya kiatu.

Orodha za waliotunukiwa zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Namba na jina visipopatikana humo, muuzaji hana la kusema. Nyota za Vita vya Pili vya Dunia, kama ya Burma, Keya walipewa bila jina. Hizo bila cheti cha kutoka jeshini haziwezi kumtaja mtu yeyote.

Lakini karatasi nayo huuliziwa mwandishi wake. Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akapigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen, ofisa wa Keya, ambaye alijieleza kishujaa katika shajara zake. Wataalamu wa ndege waligundua baadaye, hasa katika miaka ya 1990, kwamba mtu huyohuyo aliiba ndege waliokaushwa katika makumbusho na kuwabandika vibandiko vya uongo vya mahali na tarehe. Fimbo za Koitalel zilizorejeshwa kutoka Uingereza mwaka 2006, ambazo sasa ziko kwenye makumbusho yake Nandi Hills, zilikaa miaka yote hiyo katika familia ya mtu wa aina hiyo. Kwa vitu vya namna hiyo neno la mzee wa Talai, ukoo wa Koitalel, lina uzito kuliko kurasa za shajara ya muuaji.

Hukumu yetu ni hii. Nishani ikithibitishwa na daftari lililoandikwa na mtu asiyefaidika nayo, iuzwe kama nishani. Isipothibitishwa, iuzwe kwa bei ya fedha yake kwa gramu, bila babu na bila ushujaa. Na mkusanyaji anayekwenda kwa ajuza kijijini, akamwambia kitu chake ni chuma chakavu huku akijua kimeandikwa katika orodha za Kew, ni mwizi kama aliyeghushi.

Nawe uliye na nishani ya babu sandukuni, usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno ili ing'ae. Nakili kwanza maandishi ya ukingoni, herufi kwa herufi, pamoja na yaliyokosewa.