Figo Hupandikizwa Siku Moja, Dawa Humezwa Umri Mzima



Baada ya kumhimidi Allah (S.W.T.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii napenda tuzungumze, mama zangu na dada zangu, juu ya jambo nililokutana nalo mbali na pwani yetu, lakini ambalo limo pia ndani ya nyumba zetu.

Nilialikwa Kericho kuozesha. Ile ni nchi ya chai. Kutoka Kericho hadi Bomet vilima vyote ni kijani, na majani yanayochumwa huko ndiyo yanayoteremshwa huku Mombasa kupigwa mnada. Baada ya akdi, shangazi yake bwana harusi aliomba kuzungumza nami kando. Miaka michache nyuma alimpa kaka yake figo moja. Ukoo ulifanya harambee, ng'ombe wakauzwa, msikiti ukachanga, majirani wasiokuwa Waislamu nao wakachanga. Upasuaji ulifaulu, alhamdulillah, na yule ndugu akarudi shambani kwake upande wa Bomet.

Kisha watu wakatawanyika, dawa zikabaki. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kiasi kila mwezi kwa kilo alizopeleka kiwandani, na bonasi huja mara moja kwa mwaka, mwezi wa Oktoba. Bonasi hiyo haina dhamana: mwaka 2025 wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa walilalamika hadharani kwamba yao ilikuwa ndogo sana kuliko ya wenzao wa mashariki. Huyu ndugu alipoona fedha hazitoshi karo na dawa kwa pamoja, alianza kumeza vidonge vya asubuhi na kuviacha vya jioni ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliona haya kuomba tena kwa watu waliokwisha kumchangia. Alipopelekwa hospitali, figo ilikuwa imekwisha kuharibika. Sasa amerudi kwenye mashine.

Dada yake hakulaumu mtu. Alisema tu, "Sheikh, angeniambia. Nilimpa figo, ningemnyima shilingi?"

Maneno hayo nimerudi nayo Mombasa, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kwanza tuelewe mambo yalivyo. Mwili wa binadamu huiona figo iliyopandikizwa kuwa ni mgeni, hata ikiwa ya ndugu wa tumbo moja, na huipiga vita. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa za kuituliza kinga ya mwili: mara nyingi takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni kwa pamoja. Dawa hizi humezwa kwa saa maalumu, kila siku, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Kupunguza dozi hakuumi siku ile. Mgonjwa hujiona mzima, na huku figo inakataliwa polepole. Pia hazichanganywi ovyo. Balungi, tunda tunalolipenda hapa pwani, huweza kuizidisha takrolimasi katika damu hadi ikadhuru, na baadhi ya dawa za mitishamba huharibu kipimo chake. Mpishi wa nyumba anapaswa kuyajua haya kama anavyoyajua mgonjwa.

Pili, tuhesabu. Chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kusafishwa damu kwa mashine hulipiwa shilingi 10,650 kwa kila awamu. Mgonjwa akienda mara mbili kwa wiki, kwa mwaka ni shilingi 1,107,600, mbali na nauli na siku za kazi zilizopotea. Kwa upandikizaji, mwaka 2025 Serikali ilitangaza kiwango kipande kutoka shilingi 500,000 hadi 700,000. Basi figo mpya ikitunzwa vyema huokoa uhai na mali pia, na kuipoteza kwa kukosa vidonge vya mwezi ni hasara kwa mgonjwa, kwa aliyeitoa, na kwa umma unaolipa.

Tatu, sheria ya dini yetu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, ilijuzisha kupandikiza viungo kwa masharti, miongoni mwayo kwamba anayetoa asipate madhara ya kuuharibu uhai wake, na atoe kwa hiari yake. Ama kuuza kiungo, ilikataza. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo haimruhusu mtu kujipatia faida kwa kiungo chake. Nalisema hili kwa sababu mwezi wa Aprili 2025, si mbali na Kericho, Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret kufuatia tuhuma za biashara ya figo. Mama mwenye kijana asiye na kazi, zungumza naye kabla hajazungumza naye dalali.

Sasa tufanye nini? Ukoo unapokaa kupanga harambee ya figo, daftari liwe na kurasa mbili: moja ya upasuaji, nyingine ya dawa za kila mwezi. Ulizeni hospitali na SHA mapema ni nini kitalipiwa baada ya mgonjwa kutoka wodini, na ni nini kitawabakia nyinyi. Watu kumi wakijifunga kwa kiasi kidogo kila mwezi, hao ni bora kuliko mia waliotoa siku moja wakaenda zao, na amali inayodumu, ingawa ndogo, ndiyo ipendezayo kwa Mola wetu. Mgonjwa aliye fakiri au aliyezama katika madeni ana fungu lake katika zaka. Aliyetoa figo naye asisahauliwe. Anahitaji kupimwa kila mwaka.

Ramadhani ikikaribia, aliyepandikizwa figo amuulize daktari wake kabla ya kunuia, wala asisogeze saa za dawa kwa rai yake. Ruhusa ya mgonjwa ni rehema ya Allah, si upungufu wa imani.

Na walio wazima tulinde figo tulizopewa bila malipo. Tupime shinikizo la damu na sukari, kwani hayo mawili ndiyo yaangamizayo figo nyingi. Wachumaji chai huumwa mgongo, nasi huku huumwa magoti. Tusifanye diklofenaki na ibuprofeni kuwa peremende za dukani za kila siku.

Jioni hii, ikiwa nyumbani mwako yumo mwenye dawa za kudumu, usimuulize tu kama amemeza. Muulize zimebaki ngapi, naye akueleze bila kuona haya.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awalipe kheri waliotoa sehemu ya miili yao kwa ajili ya ndugu zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.