Gari la kale si gari chakavu, lakini kodi yetu haioni tofauti

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KWA mkazi wa jiji hili anayetamani kumiliki Peugeot 404 au Land Rover ya miaka ya 1960, njia inayobaki mara nyingi ni moja: kuitafuta ng'ambo, kuinunua ikiwa mbovu, kuipakia melini na kuikarabati hapa nyumbani. Bei anayotajiwa na muuzaji inaweza kumvutia. Hata hivyo, kinachoamua kama ndoto hiyo itatimia si bei ya gari, bali hesabu inayomsubiri bandarini.

Hesabu hiyo ina kasoro moja ya msingi. Mfumo wetu wa kodi unalipima gari lililotumika kwa umri wake tu. Kadiri lilivyo la zamani ndivyo linavyohesabiwa kuwa chakavu, na hakuna umri ambao gari hukoma kuwa chakavu na kuanza kuwa kumbukumbu. Kwa sababu hiyo, gari la mwaka 1966 linawekwa kapu moja na gari lililotimiza miaka 11 na kutupwa sokoni na mwenyewe.

Athari yake haiishii kwa wachache wenye fedha za kuchezea. Inawagusa pia mafundi bodi, mafundi viti na wachongaji vyuma wa Gerezani na Ilala, ambao mikono yao ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama ya kufufua gari la namna hiyo.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mtu amenunua Uingereza Peugeot 404 yenye injini ya ujazo wa sentimita za ujazo 1,618. Bei ya ununuzi, bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam vinafikia Sh milioni 20. Kwa viwango ambavyo vimekuwa vikitumika miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani Sh milioni 5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya sentimita za ujazo 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, na hukokotolewa baada ya ushuru wa forodha kujumlishwa. Hapo ni Sh milioni 1.25.

Kisha inakuja tozo ya umri. Kwa gari dogo la abiria lililozidi miaka 10, ushuru huo wa uchakavu ni asilimia 30, nao hukokotolewa juu ya Sh milioni 25. Hiyo ni Sh milioni 7.5. Juu ya jumla yote inapigwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, ambayo inakuwa Sh milioni 6.075.

Ukijumlisha, kodi hizo nne zinafika Sh milioni 19.825, kabla ya tozo nyingine ndogo za forodha, malipo ya wakala, gharama za bandari na usajili. Kwa maneno mengine, gari linanunuliwa mara mbili. Kama tozo ya uchakavu isingekuwapo, mnunuzi angelipa Sh milioni 10.975. Umri peke yake, pamoja na kodi inayopandishwa juu yake, umemgharimu Sh milioni 8.85. Fedha hizo zingetosha kulipa kazi nyingi za gereji.

Tozo hiyo haikuwekwa kwa bahati mbaya. Tangu Serikali ilipolegeza masharti ya biashara mwaka 1984 na kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, magari yaliyotumika, hasa kutoka Japan, yameingia kwa wingi na kuwa tegemeo la familia za mijini. Bila kizuizi chochote, nchi ingeweza kuwa jalala la magari yanayotoa moshi, yenye breki dhaifu na yasiyo na vipuri. Lengo la kumfanya mnunuzi achague gari jipya zaidi ni lengo halali, na hakuna sababu ya kulibeza.

Tatizo ni kwamba mantiki hiyo haina ukomo. Inadhani kila mnunuzi wa gari kuukuu anatafuta usafiri wa bei poa wa kumpeleka kazini kila siku. Mwenye kununua gari la miaka 50 hatafuti usafiri wa bei poa. Kwa fedha atakazotumia angeweza kupata gari la miaka saba lenye kiyoyozi. Anachonunua ni kitu kisichotengenezwa tena, ambacho huenda kitatembea barabarani siku chache tu kwa mwezi.

Nchi nyingine zimekwisha kuiona tofauti hiyo na kuiandika katika sheria. Nchini Uingereza, gari lililotimiza miaka 30, ambalo halitengenezwi tena na limebaki katika hali yake ya asili, linaweza kuingizwa kama kitu cha ukusanyaji wa kihistoria. Halilipiwi ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 5 badala ya 20. Kwa gari letu la Sh milioni 20, mwagizaji wa huko angelipa Sh milioni 1 tu. Tangu Mei 2018, magari mengi yaliyozidi miaka 40 na ambayo hayajabadilishwa sana yameondolewa pia katika ukaguzi wa lazima wa kila mwaka.

Ujerumani ilianzisha mwaka 1997 namba maalumu za usajili zenye herufi H kwa magari yaliyotimiza miaka 30 na yaliyotunzwa vizuri. Marekani, ambayo ina masharti makali ya usalama kwa magari ya kigeni, huyasamehe masharti hayo magari yaliyofikisha miaka 25.

Atakayesema kwamba hizo ni anasa za mataifa tajiri na aitazame India. Julai 2021, Serikali ya nchi hiyo ilitangaza kanuni za usajili wa magari ya kale yaliyozidi miaka 50. Magari hayo hupewa namba zenye herufi VA, hayaruhusiwi kufanya biashara wala kutumika kwa safari za kawaida za kila siku, na hutoka barabarani kwa maonesho, mashindano ya magari ya kale, matengenezo na kujaza mafuta. India, yenye miji inayosumbuliwa na moshi kuliko mingi duniani, imeweza kutenga kundi dogo na kulifunga kwa masharti.

Kwa majirani zetu hali ni ngumu kuliko hapa. Kenya imeweka kikomo cha miaka minane kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini humo, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku yale yaliyofikisha miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, imeuwekea bei. Kwa sababu hiyo, iko katika nafasi nzuri ya kurekebisha sheria yake bila kubomoa chochote.

Kuna jambo jingine linaloifanya hoja hii iwe yetu kabisa. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyafanya baadhi ya magari kuwa sehemu ya historia ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland wa Tanzania, akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na 1973. Magari ya aina hizi yalipata sifa zake katika vumbi na matope ya barabara zetu, lakini leo anayeyataka huyatafuta katika minada ya Ulaya.

Mwaka 2003, mashindano ya Safari kwa magari ya kale yalipoanzishwa kuadhimisha miaka 50 ya yale ya awali, magari ya zamani yalirudi kukimbia Afrika Mashariki. Mengi, hata hivyo, huja yakiwa yamekwisha kutengenezwa. Kampuni ya Tuthill Porsche ya Uingereza, kwa mfano, imekuwa ikileta kundi la Porsche 911 zilizoandaliwa huko. Yanakimbia hapa kisha yanarudi kwao. Kazi yenye fedha nyingi, ambayo ni ya gereji, inabaki huko.

Ustadi wa kazi hiyo sisi tunao. Baada ya mtikisiko wa bei ya mafuta wa mwaka 1973, na zaidi baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi ilikosa fedha za kigeni na vipuri vikaadimika. Mafundi walilazimika kuchonga wasichoweza kununua, kuziba kilichotoboka na kuifungua injini mara ya tatu na ya nne. Kizazi hicho kinazeeka. Vijana wanaokuja wanasoma injini za kompyuta, na ni sawa wasome, lakini anayejua kurekebisha kabureta kwa sikio au kunyoosha bati la bodi bila kulijaza poti anazidi kuwa adimu. Kazi za kufufua magari ya kale zingekuwa darasa, na vyuo vya VETA vingeweza kunufaika nalo.

Ipo hoja nzito dhidi ya haya yote. Kwa nini mtu mwenye uwezo wa kununua gari la starehe apunguziwe kodi, ilhali mwalimu anayeagiza Toyota IST ya miaka 12 analipa tozo yote ya uchakavu? Hoja hiyo haipuuziki. Nafuu yoyote itakayotolewa bila masharti itaonekana kuwa upendeleo, na bila shaka itageuzwa kichochoro na wafanyabiashara wajanja watakaoanza kuita kila mkweche gari la kale.

Jibu lake ni kuufanya mlango uwe mwembamba. Umri uanzie miaka 40. Gari liwe na injini na chasisi zinazolingana na hati zake. Lisajiliwe kwa namba za pekee, lisibebe abiria wala mizigo kwa malipo, na lisiuzwe ndani ya muda fulani bila mmiliki kulipa tozo aliyosamehewa. Ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani vibaki kama vilivyo. Kinachoondolewa ni adhabu ya umri pekee. Kwa masharti hayo mwenye nacho bado atalipa zaidi ya nusu ya thamani ya gari lake, na mwalimu hataibiwa chochote.

Kipengele cha pili kinachohitaji kutazamwa ni ukaguzi. Gari lililotumika hukaguliwa breki, usukani, taa na moshi kabla ya kuruhusiwa barabarani. Utaratibu huo ni sahihi. Lakini gari linalonunuliwa ili likarabatiwe, kwa asili yake, bado halijafaa kwa barabara. Kinachohitajika ni kibali cha kuliingiza kama gari lisilotembea, likavutwa hadi gereji, kisha likakaguliwa litakapokamilika.

Kwa asiyeweza kusubiri mabadiliko hayo, busara ni kufanya hesabu kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Aanze na wakala wa forodha mwenye leseni kabla ya kumtumia muuzaji hata senti moja, na athibitishe viwango vya mwaka husika, kwa kuwa bajeti ya kila Juni huweza kuvibadili. Ahakikishe namba ya chasisi kwenye hati ndiyo iliyogongwa kwenye chuma. Asiridhike na picha za rangi inayong'aa. Chumvi inayomwagwa katika barabara za Uingereza wakati wa baridi hula magari kwa chini, hivyo amlipe mtu huko alitazame likiwa limeinuliwa.

Nauli nayo ina mitego. Gari linalotembea huendeshwa hadi ndani ya meli. Lisilotembea huhitaji kontena au malipo ya ziada ya kulivuta. Vipuri visivyopatikana hapa ni heri vinunuliwe mapema na kuorodheshwa katika hati. Injini iliyoundwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo ilikomeshwa katika ukanda huu kufikia mwanzoni mwa 2006, inaweza kuhitaji kubadilishwa viti vya valvu. Likishafika, mwenye gari akumbuke kwamba hewa ya chumvi ya pwani yetu haina huruma kwa bati lililoachwa wazi.

Katika Makumbusho ya Taifa hapa jijini yamehifadhiwa magari ya zamani ya viongozi, likiwamo Rolls-Royce lililotumiwa na utawala wa Waingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Hakuna anayeyaita magari hayo chakavu. Kama Serikali yenyewe inakubali kwamba gari kuukuu linaweza kuwa kumbukumbu, kilichobaki ni kuwaeleza wananchi ni kwa nini kumbukumbu hiyo hiyo, ikifika Bandari ya Dar es Salaam, inakuwa takataka inayotozwa asilimia 30.