Mpeni Mgeni Ungo

Kuna imani imekaa vichwani mwetu hata hakuna anayeihoji: kwamba mgeni kutoka ng'ambo akila sikukuu nasi, heshima yake ni kukaa. Awekewe kiti chenye mto, afunguliwe soda, atengewe firigisi, asiguse kazi. Naipinga imani hiyo. Haimheshimu mgeni, na wenyeji inatuumiza.

Fikirieni Krismasi ya Shishiyu, wilayani Maswa. Mvua zimeanza, pamba imepandwa tangu katikati ya Novemba, na iliyotangulia kuota inadai palizi. Mifuko ni mitupu, kwa sababu pesa ya pamba huonekana msimu wa ununuzi ukifunguliwa, kwa kawaida Mei. Katika hali hiyo familia inakopa dukani ili mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya apate soda na mapaja ya kuku. Watoto wa nyumba wanapata shingo na mchuzi. Na yeye, aliyekuja kuukimbia upweke wa sikukuu ya ugenini, anakalishwa sebuleni na wazee wawili na mwalimu mkuu, wakitazama kalenda ukutani. Sikukuu yenyewe iko uani. Huko kina mama wanachambua mchele, wanamenya vitunguu saumu, wanatwanga viungo vya pilau, wanataniana mpaka machozi yanawatoka. Huko ndiko alikotamani kuwa, nasi tumemfungia mlango kwa jina la adabu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 katika andiko lake la Ujamaa, akaongeza kuwa mgeni mwenyewe aliweza kuliomba jembe kabla hajapewa, kwa kuwa angeona aibu kukaa bure. Leo wengi wanaitumia kumsema mgeni aliyechosha. Mimi naiona kama mlango wa kuingilia ukoo: anayepewa jembe ameshahesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Na sisi Wasukuma ndio tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Bugobogobo, ngoma yetu inayochezwa kwa majembe, ilizaliwa shambani, vijana wakilima pamoja kwa mdundo. Kwetu kazi na shangwe havikutenganishwa. Maonesho ya kitaifa ya wakulima ya Nane Nane yalipofanyika Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018 hadi 2020, watu hawakufuata viti pale. Walifuata mbegu, mifugo na zana, sikukuu ya jasho la mkulima.

Sasa niseme linalotuuma. Kile kiti cha mbele mara nyingi si cha bure. Tunamkalisha mgeni, tunamvisha vazi, kisha tunamsomea risala: darasa halina bati, madawati hayatoshi, kisima kimekauka. Mtu aliyealikwa kula pilau kama rafiki anageuzwa mfadhili kabla hajanawa mikono. Shida hizo ni za kweli, sizidharau hata moja. Lakini urafiki unaoanza na orodha ya mahitaji hauwezi kuwa urafiki. Wapo wanaokuja kuishi nasi kweli. Kundi la kwanza la Peace Corps, wale wa kujitolea kutoka Marekani, lilifika Tanganyika mwaka 1961, na mtu wao hukaa kijijini takriban miaka miwili. Miaka miwili ya kuitwa mgeni rasmi! Anaondoka anajua majina ya viongozi wote, hajui hata jina la bibi jirani yake anayepika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Nitaambiwa akipewa kazi jikoni ataunguza chakula. Aunguze, hata bi harusi hufundishwa jiko la kwa mume. Nitaambiwa ni mwanamume. Basi achune mbuzi na wenzake, apasue kuni, abebe madumu ya maji, ingawa sioni mchele unadhurika vipi kwa kuchambuliwa na mwanamume.

Tazameni upande wa pili. Vijana wetu wanaosoma Marekani hualikwa na marafiki zao Thanksgiving, ile Alhamisi ya nne ya Novemba. Wale ninaowafahamu, wakipiga simu nyumbani, hawasimulii walivyokalishwa. Wanasimulia walivyomenyeshwa viazi, walivyoosha vyombo pamoja na mama mwenye nyumba, na jinsi mwaka uliofuata hawakuhitaji mwaliko. Tunafurahi mtoto wetu kupokelewa hivyo. Kwa nini mtoto wa wenzetu tumnyime?

Kumkaribisha kwa heshima siku ya kwanza ni wajibu wetu, wala sitaki tuuache. Asalimiwe, apewe maji, apumzike. Lakini Krismasi ijayo, mtu aliyekwisha kuishi nanyi akibisha hodi asubuhi, msimtafutie kiti. Mpelekeni uani, mpeni ungo na mchele. Na ile risala ya bati na madawati mpelekeeni diwani, maana yeye ndiye mliyempigia kura.